Klematisi ya ukutani isiyotoa maua

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Reading, Uingereza, na bustani yangu imepakana na ukuta wa matofali unaopigwa na jua karibu kutwa nzima. Mwaka juzi nilipanda, kwenye kitako cha ukuta huo, klematisi (mmea wa maua unaoparamia) niliyoambiwa kuwa hutoa maua yenye harufu nzuri mwishoni mwa kiangazi. Kila Juni huikata kwa sababu hurefuka ovyo, lakini sijaona ua hata moja, na majani ya chini yanakauka. Nifanyeje?

JIBU: Kwa maelezo yako, mkasi ndio uliokunyima maua, na kiu ndiyo iliyokausha majani. Klematisi za aina hii huchanua kwenye matawi yaliyochipua mwaka huohuo, kwa hiyo anayezipogoa Juni huondoa matawi yaleyale ambayo yangechanua Agosti na Septemba. Zipogoe mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ukikata matawi yote hadi kimo cha sentimita 30 hivi, juu kidogo ya jozi ya macho (vichipukizi) yenye nguvu, kisha usiuguse mkasi tena mwaka huo hata mmea ukisambaa kiasi gani. Vaa glavu, kwa kuwa utomvu wake huwasha ngozi.

Kuhusu kiu, ukuta huikinga mvua na matofali hunyonya unyevu, hata udongo ulio chini yake ukabaki mkavu katika wiki ambayo sehemu nyingine ya bustani imelowa. Mmea wako ungali mchanga. Baada ya kuupogoa, uhamishie kwenye shimo lililo sentimita 45 kutoka ukutani, lenye mboji ya kutosha na lisilotuamisha maji, kisha uuelekeze ukutani kwa kijiti. Funika udongo wa shinani kwa mawe bapa au mimea mifupi ili mizizi ikae kwenye ubaridi huku matawi yakiota jua, na katika kiangazi cha kwanza umwagilie kwa wingi kila ukame unapozidi siku chache. Klematisi haigandi ukutani yenyewe, bali hujishika kwa kuzungusha vikonyo vya majani yake. Itandazie nyaya nyembamba za mlalo, zikiachana kwa sentimita 30 na kusimama mbali kidogo na matofali ili hewa ipite.

Hukutaja jina la mmea wako, na jambo hilo lina uzito. Ikiwa ni *Clematis terniflora*, yenye asili ya Japani, China na Korea, huenda kiangazi cha Uingereza kikawa na ubaridi mno kuweza kuichanusha vizuri. Mimi ningechagua *Clematis flammula* ya nchi za Mediterania, ambayo maua yake madogo meupe hunukia kama lozi, na ambayo ukuta wenye joto kama wako huifaa sana. Hata hivyo, usiitupe uliyo nayo kabla ya kuipa mwaka mmoja kamili bila kuikata Juni.