Baridi ya Leeds, miguu ya Tanga

Tangu niweke picha ya medali yangu ya mbio za York, simu haijatulia. Wengi wananipongeza, wachache wanaomba hela kama kawaida yao (medali ile ukiipeleka sokoni hupati hata ya nauli), na ujumbe mmoja ndio umenikalisha chini niandike. Umetoka kwa dada wa Njombe anayesoma hapa hapa Leeds, Uingereza. Amejiandikisha marathoni ya Manchester ya Aprili. Anasema: "Kaka, nyumbani nilikuwa nakimbia vizuri tu, na baridi naijua. Huku nikitoka dakika kumi kifua kinabana, saa kumi jioni giza limeshaingia, naona kama hela ya kiingilio nimeitupa. Wewe uliwezaje?"

Pole, mdogo wangu. Na nyie wengine msimcheke, maana mtu wa Njombe akisema baridi imemshinda, huyo hadeki. Huko kwao na Makete, Juni na Julai watu wanaamka wanakuta majani yamepigwa na barafu. Mimi ni mgosi wa Tanga. Kwetu upepo wa Julai ukivuma kidogo tu wazee wanatoa makoti. Kwa hiyo nikikwambia inawezekana, nina haki ya kusema.

Nilianza kukimbia huku bila kukusudia. Nyumbani mbio zangu zilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi, tena nikijificha katikati ya mstari ili mwalimu wa zamu asinione nimeacha kuimba, na baadaye zile jogging za Jumamosi kuelekea Raskazone, ambazo tukisema ukweli zilikuwa za kupunguza kitambi na kunywa madafu. Nilipofika Leeds na kupata kazi ya zamu ya usiku ghalani, kila niliyekutana naye alikuwa na swali lile lile. Unatoka Kenya? Hapana, Tanzania. Aa, ni jirani, basi lazima unakimbia! Mfanyakazi mwenzangu mmoja akanipeleka kwenye klabu yake ya riadha, na nahodha wa timu ya wanaume aliponiona mlangoni alifurahi kana kwamba kombe limeshaingia kabatini.

Nilijaribu kumweleza. Hawa mabingwa mnaowaona kwenye televisheni wanatoka nyanda za juu. Iten, Kenya, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, inaufundisha mwili kazi tangu utotoni. Hata kwetu Tanzania, Filbert Bayi, Juma Ikangaa, Alphonce Simbu, hakuna hata mmoja aliyekulia ufukweni Tanga. Sisi tuko sawasawa na bahari, tumejaliwa mahaba na samaki. Hakunisikia. Wiki mbili baadaye nimo kwenye timu ya mbio za nyika.

Kama hujawahi kuona mbio za nyika za huku Yorkshire, jimbo letu la Leeds, mwezi wa Novemba, usidhani ni nyika ile ya kwetu yenye vumbi. Ni shamba la ng'ombe lililonyeshewa wiki nzima, halafu mamia ya watu wanapita palepale, mzunguko baada ya mzunguko. Wenzangu wote wana viatu vyenye misumari chini, mimi nina raba za barabarani, mpya, nyeupe. Kwenye bonde la pili nikasikia mguu wa kulia mwepesi ghafla. Kiatu kimebaki chini. Nikarudi, nikapiga goti, nikaingiza mkono kwenye tope hadi kiwiko, natafuta kwa kupapasa huku watu wananiruka. Tope lilikuwa la baridi mpaka vidole vikaacha kusikia kama vimeshika kiatu au jiwe. Nilipokivuta kilitoa mlio ambao watoto waliosimama pembeni waliucheka hadi wakainama. Nimemaliza nikiwa nyuma kabisa, nyuma ya wazee wa miaka sitini.

Baada ya mbio, kwenye hema la klabu, nahodha akasema, mbele ya wote, "Nilidhani nyie mnazaliwa mnakimbia." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa mgeni unacheka tu. Lakini kuanzia siku hiyo jina langu halikutokea tena kwenye orodha ya timu. Hata muda wangu ulipokuwa mzuri kuliko wa watu watatu waliopangwa kwenye mbio za kupokezana, halikutokea. Sikuuliza, na hakuna aliyenieleza. Mnisamehe, lakini hadi leo nikikumbuka hema lile chai inakuwa chungu mdomoni.

Basi nikaamua kukimbia peke yangu, na hapa ndipo ushauri unapoanza, dada yangu, kwa hiyo kaa vizuri.

Kimbia polepole. Narudia, polepole. Kinachokubana kifua kwanza ni kwamba unatoka mlangoni kwa kasi ili upate joto haraka. Hewa ya baridi ni kavu, ukiivuta kwa fujo inachubua njia za hewa na kifua kinajifunga. Piga jaramba ndani kwanza: panda na kushuka ngazi, zungusha nyonga, rukaruka hapo hapo sebuleni mpaka uhisi jasho linataka kuja. Ndipo utoke. Funga skafu nyepesi shingoni uivute hadi puani, ili unachovuta kiwe kimepata uvuguvugu kidogo. Kifua kikiendelea kubana, au ukisikia mluzi unapopumua, nenda kwa daktari akupime pumu, usijitie ushujaa. Wako wakimbiaji wengi wenye pumu na wanakimbia na vipulizi vyao mfukoni.

Mimi nilikuwa natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, nabadili nguo, napita njia ya mfereji wa Leeds kwenda Liverpool kuelekea Kirkstall, giza totoro, tochi kichwani. Mwendo wangu ulikuwa wa aibu. Kuna mzee na mbwa wake tulikuwa tunaachana kwa shida. Lakini niliweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, na hicho ndicho kipimo chenyewe, hakuna haja ya saa ya bei mbaya. Mwendo ule unaufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, mwili unazoea kutumia mafuta yake badala ya kumaliza sukari yote mapema. Vitu hivyo havijengwi kwa haraka wala havionekani kwenye picha. Siku moja kwa wiki nilikuwa naongeza kasi, siku moja nakwenda mbali, siku zilizobaki polepole. Ndiyo siri yote. Miezi ile sina cha kuwasimulia, ilikuwa ni soksi zenye maji na kufua.

Nguo watu huwa wanakosea. Vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi kumi kuliko lilivyo. Ukisimama mlangoni na kusikia raha, umezidisha. Usivae fulana ya pamba, inanyonya jasho na kukugandia mgongoni, halafu ukisimama tu baridi inakuingia hadi kwenye mifupa. Glavu ndiyo nguo ya maana kuliko zote. Asubuhi moja nilifika mlangoni kwangu nikashindwa kuzungusha ufunguo. Vidole vilikuwa havinisikii kabisa, nikabaki naubana ufunguo kwa viganja vyote viwili hadi jirani yangu Mpolandi aliyekuwa anatoka kazini akanifungulia. Na ukirudi, vua nguo mbichi papo hapo, kabla ya simu, kabla ya chai.

Theluji haina neno, inapendeza hata. Adui ni ile barafu usiyoiona, inayoganda juu ya lami usiku na kuonekana kama maji. Kabla sijatoka huwa naangalia vioo vya magari yaliyoegeshwa. Vikiwa na ukoko mweupe, na njia imeganda. Siku hiyo naenda jimu kwenye mashine ya kukimbilia, naiinua asilimia moja kufidia upepo ambao ndani haupo, navumilia. Kukimbia mahali pamoja ukitazama ukuta ni adhabu, lakini kifundo cha mguu kikivunjika Januari, Manchester utaitazama kwenye simu.

Giza, kwako wewe mwanamke, ni jambo jingine, na sitakudanganya kwamba uige nilivyofanya mimi. Mfereji usiende peke yako. Desemba hapa jua linachomoza kama saa mbili na dakika ishirini na kuzama saa kumi kasorobo, sasa ukiwa na vipindi chuoni mchana wote umekwisha. Tafuta kundi. Kimbia kwenye barabara zenye taa, vaa kizibao kinachong'aa, mwambie mtu unapita njia gani. Hata mzunguko mmoja mdogo wenye taa unaorudiwa mara nyingi unafaa, ingawa unachosha akili.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni vitamini D. Ngozi zetu zimetengenezwa kwa jua la kwetu, na jua la huku kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi ni la mapambo. Idara ya afya ya Uingereza inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku majira hayo, na sisi wenye asili ya Afrika mwaka mzima. Vidonge ni vya bei rahisi. Nilikuwa nasikia uchovu ule wa kuburuta miguu nikidhani ni ghala, nikapimwa damu nikaambiwa iko chini mno. Usianze kununua mapoda ya wachezaji kabla hujafanya hilo. Uji wa ulezi, maharage na wali vimenitosha.

Na lala. Wenye zamu za usiku mnanielewa. Mkimbiaji asiyelala anajichosha bure tu, mazoezi hayaingii mwilini.

Sasa York. Brass Monkey ni nusu marathoni ya Januari, inaanzia uwanja wa mbio za farasi, inazunguka vijiji vya kusini mwa mji, karibu yote tambarare. Nafasi zake zinagombaniwa. Nilisimama kwenye mstari nimejivika mfuko mweusi wa taka wenye tundu la kichwa, nikauvua dakika ya mwisho. Maili tatu za kwanza nilijizuia. Watu walinipita, nikawaacha wapite, wakiwemo wawili wa klabu yangu ya zamani. Mmoja alikuwa nahodha.

Kwenye maili ya kumi na moja nikauona mgongo wake. Mabega yamepanda, kichwa kimeegemea upande mmoja, dalili za mtu aliyemaliza nguvu mapema. Ningependa kusema sikujali. Nilijali sana. Nilipanga pumzi, nikampita kwa upande wa upepo, na nilipokuwa mbele ndipo nikageuka nikamsalimia kwa adabu zote za kwetu, na jina lake nikalitaja. Nimemaliza kwa saa 1 na dakika 36, muda ambao sijawahi kuuona. Yeye sijui, sikusubiri. (Niliangalia matokeo usiku ule. Ninajua.)

Vijana, msikimbie kwa ajili ya macho ya watu. Mwingine atakupandisha kwa sababu ya pasipoti yako na kukushusha kwa sababu hiyo hiyo, na miguu yako haihusiki katika lolote. Muwe wavumilivu. Ikangaa alikuwa wa pili kwenye marathoni ya Boston mwaka 1988, 1989 na 1990, mara ya kwanza kwa sekunde moja tu nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein, na bado akaenda New York 1989 akashinda. Simbu naye alikimbia miaka mingi hadi Tokyo, Septemba 2025, alipompata Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari kwa sehemu ya sekunde ambayo macho hayaioni, akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Siku ile ghalani, kwa mara ya kwanza, msimamizi wangu alitamka Tanzania bila kuongeza Kenya. Sasa wanadhani mimi ni Simbu, lakini hilo tutashughulika nalo.

Turudi Manchester, dada. Una wiki kumi na kitu, zinatosha ukianza sasa. Mbio ndefu ya Jumapili iongeze kidogo kidogo, kila wiki ya nne ipunguze, hadi ufike kilomita 30 au 32 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, halafu pumzika. Polepole, nimeshasema. Mwishoni mwa Machi saa zinasogezwa mbele na jioni inarudi kuwa na mwanga, utaona mwenyewe miguu inavyofurahi.

Jumamosi njoo Woodhouse Moor, karibu kabisa na chuo chako. Ile parkrun ni kilomita tano, bure, saa tatu asubuhi kamili hata mvua ikinyesha, na hakuna anayeuliza kabila lako wala nchi yako. Jiandikishe mtandaoni kabla ya kuja na ubebe msimbopau (barcode) wako, kwenye simu au karatasini, maana bila huo hawakuandiki muda. Nitakuwa pale karibu na mwanzo, kofia ya sufu ya njano, natoka zamuni kwa hiyo nisipoongea sana usinione nina maringo.