Nyumba na lugha vinahusiana vipi

Ndugu, unauliza uhaba wa nyumba unaingiaje kwenye habari ya Kiayalandi kufifia? Unaingia sana. Lugha hiyo bado ina uhai vijijini pwani ya magharibi ya Ayalandi, kama Conamara, Corca Dhuibhne na Gaoth Dobhair, na ndiko watu wenye pesa wanakonunua nyumba za likizo (majira ya baridi ni giza tupu madirishani). Kijana mzaliwa hapati ya kupanga, na kibali cha kujenga hata kwenye shamba la babake ni kazi. Anahamia Dublin, watoto wanakulia kwenye Kiingereza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 20,261 tu kwenye maeneo ya Gaeltacht (yaani yanayotambuliwa rasmi kuwa ya Kiayalandi) wanaokizungumza kila siku nje ya shule. Hapo familia kumi zikihama, kijiji kinatikisika.