Wasomaji Wanauliza: Jiko la Peleti la Mtumba

Swali: Ndugu Mhariri, tumenunua nyumba ya zamani hapa Lewiston, katika jimbo la Maine, na majira ya baridi yaliyopita gharama ya mafuta ya kupasha joto nyumba ilituelemea. Kuna mtu anatuuzia jiko la peleti lililotumika kwa dola 900, pamoja na mabomba yake ya moshi. Amekwisha kuling'oa na kuliweka gereji, na kijitabu chake cha maelekezo kimepotea. Mume wangu anashauri tulinunue na kuunganisha bomba lake na dohani ileile inayotumiwa na boila ya mafuta, ili tusilazimike kutoboa ukuta. Je, bei hiyo ni ya haki, na mpango huo ni salama? – *Mama wa familia, Lewiston*

Jibu: Dada, tuanze na dohani, kwa sababu hapo ndipo penye hatari ya kuua mtu, habari ya bei tutaifikia. Jiko la peleti, yaani jiko linalochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, halingoji moshi upande wenyewe, bali lina feni inayousukuma kwenda nje. Moshi huo ukisukumwa ndani ya njia inayotumiwa pia na boila, hasa wakati boila imezima, unaweza kupenya kupitia boila hiyo na kurudi katika chumba cha chini ya nyumba, ukiwa umebeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana kanuni za dohani za NFPA 211, yaani za Chama cha Kitaifa cha Kuzuia Moto, ambazo hufuatwa sana na wakaguzi wa Marekani, kwa kawaida haziruhusu jiko la kuni au la peleti kushirikiana njia ya moshi na chombo kinachochoma mafuta. Dohani za nyumba za zamani wakati mwingine huwa na njia mbili ndani ya ukuta mmoja wa matofali; kama ya pili ipo na haitumiki, fundi anaweza kuteremsha ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu. Kama haipo, toboeni ukuta. Kutoboa huko si balaa kama mumeo anavyodhani, kwa kuwa bomba la jiko hili ni jembamba, la inchi 3 au 4, nalo huweza kutokea ubavuni mwa nyumba badala ya juu ya paa.

Mabomba anayowapa pamoja na jiko msiyatumie. Bomba la peleti lina kuta mbili, na ule wa ndani unaweza kuwa umeliwa na kutu bila dalili yoyote kuonekana nje. Tena viungo vyake vilivyozibwa kwa silikoni vikishafunguliwa haviaminiki. Wapo pia watu wanaounganisha jiko kwa bomba la kukunjika la alumini la mashine ya kukaushia nguo, jambo ambalo ni kukaribisha moto nyumbani kwa mikono miwili. Nunueni bomba jipya lililothibitishwa kwa peleti, pamoja na kipande maalumu cha kupitishia ukutani na bamba lisiloungua la kuweka chini ya jiko. Ukijumlisha vitu hivyo na ujira wa fundi, usishangae gharama yake ikikaribia bei ya jiko au hata kuipita. Kwa hiyo dola 900 ni sehemu tu ya bei.

Sasa tulitazame jiko lenyewe. Peleti humiminwa katika tangi la juu. Parafujo ndefu inayozungushwa na mota huziteremsha kidogo kidogo hadi kwenye bakuli la moto. Kiwashio cha umeme huziwasha. Feni moja hutoa moshi na nyingine husambaza hewa yenye joto chumbani. Na vyote hivyo huongozwa na bodi ya kielektroniki. Maana yake ni kwamba unanunua mashine yenye mota na saketi, wala si sanduku la chuma tu, na mashine ya aina hiyo haijulikani uzima wake mpaka iwake. Jiko lililokwisha kung'olewa halipaswi kuwashwa gerejini bila bomba la moshi, na hilo peke yake linatosha kuishusha bei. Kama yupo muuzaji mwingine ambaye jiko lake bado liko mahali pake, ningemfuata huyo hata kama anadai zaidi.

Ukipata jiko ambalo bado limefungwa, fika wakati limepoa kabisa. Muuzaji akitangulia kuliwasha kabla hujafika, hutajua kama kiwashio kinafanya kazi au kama ameliwasha kwa mkono, kwa hiyo omba urudi siku nyingine. Likianza baridi, moto ushike ndani ya dakika chache, na mwali uwe mng'avu na wenye nguvu. Mwali mzito wa rangi ya chungwa unaochafua kioo kwa masizi una maana kwamba hewa haitoshi, ama kwa uchafu, ama kwa kuchakaa kwa gasketi ya mlango, yaani utepe unaoziba mwanya wake. Gasketi hupimwa jiko likiwa limezima: bana noti kati ya mlango na fremu, kisha ivute, ikitoka bila upinzani, gasketi imekwisha. Hilo ni tatizo dogo na la bei nafuu. Feni inayokwaruza ni gharama ya wastani. Bodi ya kielektroniki iliyoharibika inaweza kugharimu dola mia kadhaa, na kama kampuni iliyotengeneza jiko imefungwa, huenda isipatikane kabisa.

Kwa hili la gerejini, mwambie muuzaji alichomeke kwenye umeme ili mwone kama feni na parafujo zinazunguka. Fungueni pia milango ya pembeni na kumulika ndani kwa tochi. Jivu lililoachwa humo majira yote ya joto hufyonza unyevu na kula chuma, na kutu nzito kwenye bakuli la moto au kwenye mirija ya joto ni sababu ya kuondoka. Mwisho, tafuteni nyuma ya jiko kile kibandiko cha chuma chenye jina la modeli, namba yake na umbali unaotakiwa kuachwa kati ya jiko na ukuta. Kwa namba hiyo, kijitabu mara nyingi hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kibandiko kisipokuwepo msinunue hata kwa dola 200, kwa sababu mkaguzi hatakuwa na kipimo cha kukagulia. Kikiwepo, vipuri vikipatikana na kila kitu kikizunguka, mimi ningetoa takribani nusu ya bei anayoitaja.

Kuhusu kuokoa fedha, fanyeni hesabu kabla ya yote. Tani moja ya Marekani, ambayo ni mifuko 50 ya ratili 40, hutoa joto linalokaribiana na la galoni 115 hadi 120 za mafuta. Zidisheni bei ya galoni mnayolipa kwa 115, kisha mlinganishe na bei ya tani ya peleti ikiwa imeletwa hadi mlangoni. Tofauti ikiwa ndogo, itachukua miaka kurudisha gharama za jiko.

Kibali waulizeni maofisa wa jiji, na kampuni ya bima ijulishwe kabla moto wa kwanza haujawashwa. Kusubiri mpaka madai ya moto ndipo waambiwe kuna jiko ni kujitafutia kunyimwa fidia.

Swali: Jiko letu la peleti hupasha joto vizuri, lakini umeme ukikatika wakati wa dhoruba ya theluji tunafanyaje? – *Msomaji, Portland, Maine*

Jibu: Umeme ukikatika jiko huzima, na peleti zilizobaki katika bakuli huendelea kufuka moshi usiosukumwa na feni. Bomba lililopanda futi 3 hadi 5 kabla ya kutokea nje husaidia kuuvuta moshi huo. Lililotoka moja kwa moja ukutani huweza kuuacha urudi ndani. Betri yenye inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inafaa, mradi inveta itoe umeme wa mawimbi laini (kwa Kiingereza "pure sine wave"), kwa kuwa bodi nyingi hazivumilii mwingine. Modeli nyingi huhitaji kati ya wati 300 na 400 wakati wa kuwasha, kisha hushuka sana. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Na kwa sisi tuliokulia penye jiko la mkaa: lisiingizwe ndani usiku huo, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi. King'ora cha kaboni monoksidi chenye betri kiwepo katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala.