Maji tunachemsha, mbona meno ya mtoto ni ya kahawia?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nakaa Usa River, nina watoto wawili, mmoja ana miaka 12, mwingine mwaka mmoja na nusu. Mkubwa ana madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele. Anasugua kwa mkaa na limau kila siku lakini hayatoki, na shuleni wanamcheka. Maji yetu ni ya kisima, tunayachemsha na kuyachuja. Jirani anasema nichimbe kisima kirefu zaidi, na fundi ameshanipa bei. Huyu mdogo nimwokoeje? – Mama wa wawili

JIBU: Dada yangu, fundi mwambie asubiri kwanza, na mkaa na limau viache leo. Madoa ya mwanao si uchafu uliogandia juu ya jino. Yaliingia wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, miaka kadhaa kabla halijachomoza. Mkaa unakwangua gamba gumu la nje na limau linalilainisha. Doa litabaki pale pale, ila jino litaanza kuuma kila akinywa maji baridi.

Kisababishi ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Maji yakipenya kwenye miamba hiyo huyayeyusha na kuondoka nayo, ndiyo maana tatizo hili limeuzunguka mlima: Maji ya Chai, Ngare Nanyuki, Oldonyosambu na kwenu Usa River. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji. Kuna vyanzo huku kwetu vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa, na maji yake ni maangavu, hayana harufu wala ladha ya kukushtua.

Kuchemsha hakuiondoi floraidi, kunaiongeza. Chukua lita 10 zenye miligramu 4 kwa lita, yaani jumla miligramu 40. Ukichemsha hadi zikabaki lita 8, miligramu 40 bado zimo, sasa kila lita ina 5. Chujio la mshumaa na dawa ya klorini navyo haviigusi. Lakini usije ukaacha kuchemsha kwa sababu hiyo, kwa kuwa homa ya matumbo na kuhara bado vipo. Chemsha mpaka yatokote, kisha epua. Usiyaache jikoni yakiendelea kupungua.

Kuhusu kisima kirefu, kina si dawa. Maji ya chini sana mara nyingi yamekaa na miamba muda mrefu zaidi na yamebeba floraidi nyingi zaidi, na visima viwili vya majirani vinaweza kutofautiana kabisa. Peleka kwanza sampuli ya maji unayotumia sasa kwenye maabara ya maji, uombe kipimo cha floraidi kwa jina, maana kipimo cha vijidudu peke yake hakitakuambia kitu. Hela ya fundi isitoke kabla ya hapo.

Sasa mdogo. Meno ya ukubwani hujijenga tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8, na yale ya mbele huathirika zaidi kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Yaani ni sasa hivi. Kama bado ananyonya, endelea: maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji yenye nyingi. Kinachomfikia ni uji, chai, maji ya kikombeni, na chungu cha familia.

Kwenye chungu ndiko wengi tunakosahau, kwa sababu ya magadi. Tunayatia kwenye maharage, makande na kiburu ili viive haraka, na magadi mengi ya huku yana floraidi, hasa yale ya vumbi yanayokwanguliwa ardhini. Mama anaweza kuhangaika kutafuta maji salama, kisha akairudisha floraidi kwa kijiko. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, upike kwa maji mapya, na nyanya zitie mwishoni kwa sababu uchachu wake huchelewesha kuiva. Kuni zitaongezeka kidogo, najua, lakini kwa nyumba yenye mtoto mdogo nasisitiza magadi yatoke jikoni kabisa.

Kwa maji, mvua ndiyo jibu rahisi kuliko yote, kwani karibu haina floraidi. Bati la mita za mraba 50 likipata milimita 100 za mvua hutoa lita 5,000, na hata ukitoa zinazopotea, 4,000 hazikosi. Kwa kunywa na kupikia tu, watu wanne wakitumia lita 20 kwa siku, lita 3,000 zinawavusha siku 150, yaani toka masika yaishe mpaka karibu na vuli. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, na tanki lifunikwe. Maji ya kisima yabaki ya kufulia na kuogea, hayana neno.

Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo Arumeru, kimelifanyia kazi miaka mingi. Mifupa iliyochomwa kwa hewa kidogo huinasa floraidi. Ila chujio hilo huchoka, na likichoka maji yanatoka maangavu vilevile, kwa hiyo ukilinunua uliza litapimwa na kubadilishwa lini. La sivyo utakuwa unajidanganya.

Ninyi watu wazima meno yenu hayatabadilika rangi tena, lakini maji yenye floraidi nyingi yakinywewa miaka mingi huingia kwenye mifupa, mgongo na viungo vikakakamaa. Kwa hiyo maji salama ni ya nyumba nzima.

Mkubwa mlete kliniki ya kinywa na meno. Madoa mepesi tunaweza kuyapunguza kwa kulainisha tabaka la juu kwa dawa maalumu, na yaliyokolea hufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Kabla ya hapo mweleze, na mwalimu wake pia, kwamba anapiga mswaki vizuri na si mchafu. Yule mdogo mpigie mswaki wewe mwenyewe, dawa kiasi cha punje ya mchele, umfute inayobaki ili asiimeze.