Beetle inayofurika petroli

Kaka, hiyo Beetle yako ya 1972 inayonuka petroli, plagi nyeusi zimelowa na ikishapata moto inagoma kuwaka, usikimbilie kununua kabureta mpya. Fungua mfuniko wa hiyo Solex, yaani kabureta uliyonayo, skrubu tano tu. Chomoa boya, kile kinachoelea juu ya petroli humo ndani, litikise sikioni. Ukisikia petroli inachezacheza ndani, limetoboka. Kama bado una shaka, lizamishe kwenye maji ya moto uone kama vinatoka viputo.

Likiwa zima, geukia sindano, vali ndogo ya kuzuia petroli isizidi, iliyofungwa chini ya mfuniko. Ibane kwa kidole upulize kwenye bomba la mafuta. Hewa ikipita, haifungi. Yangu ilinitesa miezi miwili, kumbe ni chembe ya kutu kutoka kwenye tangi! Ukibadilisha sindano, ile ringi bapa inayokaa nayo (washa) iwe na unene uleule, ndiyo inayopanga kimo cha petroli.

Pampu nayo ikiwa mpya, pima presha yake. Huenda inasukuma kupita kiasi, ongeza gasketi chini yake.

Na tafadhali, nusa stiki ya oili kwanza. Ikinuka petroli, mwaga oili yote uweke mpya kabla hujawasha tena, la sivyo beringi za injini zitakufa.