Maji ya ndege jangwani: usichimbe bwawa, funika tangi

Umeuliza kama bwawa la mita 3 kwa 4, lililotandikwa turubai, litatosha kuwanywesha ndege mahali panapopata milimita 150 za mvua kwa mwaka. Halitatosha, na kinachokuangusha ni jua kuliko uchache wa mvua. Sehemu nyingi za jangwa, maji yaliyo wazi hupoteza zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwa mvuke. Ukichukua 2,500, bwawa lako litapoteza lita 30,000, ilhali mvua itakayoangukia humo ni lita 1,800 tu.

Kinga mvua kwa eneo kubwa, hifadhi gizani, nywesha padogo. Birika la sentimita 40 kwa 60, hata likikaa juani, hupoteza kama lita 600 kwa mwaka, na kivuli hupunguza hapo. Ndege wadogo 100, ukiwapigia mililita 10 kila mmoja, ni lita 1 kwa siku. Jumla haifiki lita 1,000.

Sasa bati la kukingia mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na ukadirie utapata nane katika kila kumi. Piga hesabu ya mwaka mbaya, si wa wastani: mvua ikiwa nusu, kila mita ya mraba hutoa lita 60, hivyo bati la mita 20 za mraba litakupa 1,200. Weka tangi la lita 1,500 chini ya hilo bati, lipate kivuli bure. Bati liwe na mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, na usitumie paa lenye lami wala risasi.

Maji ya mwanzo hubeba vumbi na kinyesi, yatupe: lita 1 kwa kila mita ya mraba. Bomba la inchi 4 hubeba kama lita 8 kwa mita, kwa hiyo mita 2.5 za bomba lililosimama, kabla ya tangi, zinatosha. Toboa tundu dogo chini ili lijimwage polepole kabla ya mvua nyingine. Mdomo wa tangi na tundu la kufurikia vifunikwe kwa wavu wa mbu.

Maji hutoka tangini hadi birikani kupitia koki ya boya, inayojifunga boya likiinuliwa na maji birika likijaa. Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya mpira wake, maji hudondoka hata birika likiwa limejaa. Tone moja kila sekunde ni takriban lita 4 kwa siku. Tangi lako lililojaa litakauka kwa kama mwaka mmoja, hata bila ndege kulinywa. Funga chujio kabla ya koki, toa maji sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini, na ukague kila wiki kama ukingo wa birika ni mkavu. Kama mahali ni mbali na huwezi kukagua, achana na koki kabisa: jenga tangi la chini ya ardhi lenye njia ya zege inayoteremka hadi ndani, ndege wafuate maji yanaposhuka.

Birika lianze na kina cha sentimita 2, liishie 5, na sakafu iwe ya kukwaruza. Ukuta mwima unaoteleza huzamisha makinda. Lisugue kwa brashi kila wiki wakati wa joto, bila sabuni. Mara kwa mara tumia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9 za maji, suuza, likauke kabisa. Njiwa huambukizana vimelea vya koo kupitia maji machafu, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Kuhusu vichaka, tazama kwanza ndege ulionao. Tombo na shomoro hutaka miiba ya kukimbilia mita 2 au 3 kutoka majini. Firigogo, ndege wa nchi kavu wanaofanana na njiwa, hushuka mahali peupe tu, waone adui kwa mbali. Dume la firigogo huloanisha manyoya ya tumbo na kuwapelekea makinda maji, naye hukaa majini muda kidogo. Ukiwa na wote, panda upande mmoja tu.

Yatakayofurika yaelekeze kwenye tuta la nusu mwezi lenye kimo cha sentimita 30, mdomo ukitazama juu ya mteremko, na vichaka vyako uvipande hapo ndani.