Mtoto wa hadithi yako anajua mengi mno

Ndugu, umeeleza kwamba umeandika sura sita za riwaya kuhusu makuzi yako, kwamba kila aliyezisoma analalamika kuwa mtoto wako anazungumza kama mzee wa baraza, na unauliza kama dawa yake ni kuiacha riwaya na kuandika tamthilia. Umeuliza pia ufanyeje kuhusu jamaa zako ambao wangali hai. Njia hiyo nimeipita kwa miaka kadhaa, kwanza kwa riwaya iliyonishinda, kisha kwa tamthilia ambayo hatimaye ilisomwa mbele ya watu, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Katika kila hadithi ya makuzi kuna watu wawili wanaotumia jina moja: mtoto aliyepatwa na jambo bila kulielewa, na mtu mzima anayelikumbuka akiwa amekwisha kulielewa. Mtu mzima ndiye mwenye kalamu, naye ni mwepesi wa kudakia. Katika riwaya yangu alidakia karibu kila ukurasa. Kulikuwa na usiku mmoja, nikiwa na umri wa miaka 9, ambao baba alipoteza kazi. Nilimkuta amekaa kitini, kiatu kimoja kiko mguuni na kingine mkononi, nami nikampelekea ripoti yangu ya shule aitie sahihi. Aliishika kalamu kwa muda mrefu bila kuandika. Soksi yake ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, nikacheka. Hayo ndiyo yote niliyoyaona usiku ule. Lakini katika rasimu yangu niliongeza aya nzima inayoeleza jinsi heshima ya mzazi inavyovunjika mbele ya mwanawe, na aya hiyo, niliyoipenda kuliko zote, ndiyo iliyomwua mtoto yule, kwa sababu mtoto anayeyafahamu hayo hawezi kuicheka soksi.

Mtazame Abdulrazak Gurnah katika riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ambayo siku hizi tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anaondoka kwao pamoja na mfanyabiashara anayemwita ami, wala haimpitii akilini kwamba atatengana na wazazi wake kwa muda mrefu. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Msimulizi anatumia nafsi ya tatu na angeweza kutufunulia yote tangu mwanzo, lakini anajizuia, anabaki karibu na macho ya kijana huyo, nasi tunaanza kushuku mapema kuliko yeye. Nilipoisoma mara ya pili nikitafuta jinsi ilivyofumwa, niliona kwamba uchungu wote umo katika mwanya huo, kati ya analolijua msomaji na analolijua mtoto. Mimi nilikuwa nimeuziba mwanya wangu kwa maelezo.

Sasa nije kwenye tamthilia. Jukwaani mtu mzima hunyang'anywa kauli, kwa kuwa mhusika hana mahali pa kusema kwamba jambo fulani alikuja kulielewa baadaye. Ipo njia ya kumrudisha: mwandishi wa Kimarekani Tennessee Williams, katika tamthilia yake The Glass Menagerie iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, anamfanya Tom asimame mbele ya watazamaji kama msimulizi, kisha aingie ndani ya nyumba ya ujana wake. Niliijaribu njia hiyo nikaiacha, kwa maana msimulizi wangu alikuwa yule yule mdakizi, safari hii akiwa na taa usoni. Kilichonifaa ni mfano wa Athol Fugard, mwandishi wa tamthilia wa Afrika Kusini, katika "Master Harold"... and the Boys ya mwaka 1982. Tamthilia nzima ni alasiri moja ya mvua ya mwaka 1950, katika chumba cha chai huko Port Elizabeth, Afrika Kusini, ambamo mvulana wa miaka 17 yumo pamoja na watumishi wawili Weusi waliomlea. Mvulana huyo anapewa jina la Hally, ambalo ndilo Fugard mwenyewe aliloitwa utotoni, na tendo lake baya kuliko yote, la kumtemea mate usoni mmoja wa watumishi hao, aliyempenda yeye kama mwanawe, Fugard alikiri kwamba alilitenda kweli. Hakuna anayetoka kando ya jukwaa kutuambia kwamba alijuta. Makuzi yote yamebanwa katika saa chache, na hukumu tumeachiwa sisi.

Basi nikaukata mswada wangu wote na kuubakiza usiku ule mmoja: kiti, kiatu, ripoti, kalamu. Katika mazoezi, kijana aliyepewa nafasi ya mtoto alianza kwa kujifanyia sauti nyembamba na kurukaruka, na tulipomwomba atumie sauti yake ya kawaida, ila asahau kwamba baba amefukuzwa kazi, chumba kilibadilika. Alicheka soksi, na watu walionyamaza kabla yake wakazidi kunyamaza. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usihamie tamthilia kwa kukimbia riwaya. Chukua sura moja, iandike kama onyesho lisilo na msimulizi, uone kinachosalia. Baada ya hapo unaweza kurudi kwenye riwaya yako ukiwa umejua mtoto wako anaona nini hasa.

Kuhusu jamaa zako, wakubwa wetu hawakuwa na jibu moja. Mwandishi wa riwaya wa Kiingereza Charles Dickens, ambaye akiwa na miaka 12 alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu huku baba yake akiwa gerezani kwa sababu ya madeni, alianza kuandika tawasifu akaiacha, akampa mateso hayo David Copperfield, mhusika mkuu wa riwaya yake yenye jina hilo, na wasomaji wake walikuja kuujua ukweli huo baada ya yeye kufa mwaka 1870. Eugene O'Neill, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, alitaka tamthilia inayohusu wazazi wake na kaka yake isichapishwe mpaka miaka 25 ipite baada ya kifo chake. Alifariki mwaka 1953, na mjane wake akairuhusu itoke mwaka 1956. Mimi sina subira ya namna hiyo. Baba yangu amekwisha kufariki, nikaona ni haki mama aisikie kabla ya mtu mwingine yeyote, nikamsomea sebuleni kurasa zote kumi na nne.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kile kiatu hakuwa anakivua. Alikuwa anakivaa, atoke tena, kwa sababu hakuweza kukaa ndani mnatazamana."

Sikuwa nimelijua hilo kwa miaka yote hiyo. Nimebadilisha mstari mmoja tu wa maelekezo ya jukwaani: baba sasa anavaa kiatu, na mtoto, anapoingia na ripoti yake, bado anadhani anakivua.